Bibi Majini Mkesha wa Mwaka: Gumzo la Jamaa wa Kibokoni

*Jumapili*

Zuhura: Asalaam aleikum jamaa. Nina neno limenikaa moyoni, nalitoa. Mkesha wa tarehe 31 mwaka huu nataka Bibi azione fataki akiwa majini. Kila mwaka twamkalisha dirishani ghorofani, nyumba ya mbele imemziba, anasikia mishindo tu na kuuliza "ile ilikuwa ya rangi gani?" Kuna mashua ya mashine yakodishwa pale bandari ya zamani, inapakia familia na kuzunguka nazo mkono wa bahari wa Tudor, hapa hapa Mombasa, usiku. Nani yuko nami?

Rukia: Waaleikum salaam. Mimi wa kwanza!!

Salim Mkomani: Tuandike sisi. Mimi, mke wangu na wale watoto watatu wakubwa. Mdogo atabaki.

Twalha: Mimi na masahibu zangu wawili 🙌🏽

Swabra: Na mimi Dada Zuhura usinisahau

Halati Mwanaisha: Majini? Usiku? Na Bibi magoti yale? Zuhura mwanangu, hebu tulia kwanza.

Salim Mkomani: Halati, ni hapa hapa ndani ya Tudor. Hatutoki bahari kuu.

Halati Mwanaisha: Hata Mtongwe haikuwa bahari kuu Salim. Ni hapo, watu wasimama gatini wanaona. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama, watu 272 wakafa. Nyinyi wengine hamkuwa mmezaliwa. Sisi huku Likoni tuliingia nyumba hii tukatoka tukaingia ile, matanga kila mlango. Sikatai watu kustarehe. Ninachokataa ni chombo kilichojazwa mpaka mwenyewe aona haya kumwambia mtu shuka.

Rukia: Allah awarehemu.

Zuhura: Amin. Halati neno lako nimelipokea, na silipingi. Ndiyo nimelileta hapa mapema tulipange sote. Ami Athman uko? Wewe ndiye wa baharini.

*Jumatatu*

Ami Athman: Nipo. Nimesoma yote. Mwanaisha asema kweli na asinyamazishwe.

Ami Athman: Sikizeni. Nimetazama mwezi, usiku ule ni bamvua, yale maji ya kujaa sana na kupwa sana. Kwetu hapa siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi jioni, na ikifika saa nne usiku yamekupwa kabisa. Sasa nyinyi mwataka kupanda saa nne pale bandari ya zamani. Ina maana Bibi ateremke hadi zile ngazi za chini ambazo mchana zimo majini, zimeota mwani, hata mimi nikizishuka nashika ukuta. Halafu mashua yenyewe iko chini zaidi ya ngazi. Nani atambeba? Na akiteleza?

Zuhura: Je, tukipanda mapema Ami, saa kumi na moja maji yakiwa bado juu?

Ami Athman: Kupanda mtapanda vizuri. Lakini mpaka saa sita usiku ni saa saba nzima mzee amekaa kwenye ubao. Choo je? Swala je?

Ustadh Khamis: Hapo pa swala nami nina neno. Mwaka huo unaosherehekewa si wetu, wetu ni Muharram, na Waswahili wana Siku yao ya Mwaka. Lakini kumtoa mzazi akaona uzuri na moyo wake ukakunjuka, hilo silipingi hata kidogo. Sharti langu Isha iswaliwe kwa utulivu nchi kavu kabla ya chochote. Na ndani ya chombo pasiwe na muziki wa kupasua masikio.

Zuhura: Tumekubali Kaka.

Salim Mkomani: Nina wazo. Huku kwetu upande wa English Point kuna gati la kuelea, linapanda na kushuka na maji. Maji yakikupwa nalo limeshuka, kimo cha kupandia ni kile kile. Naweza kuuliza kama wataruhusu mashua ije ituchukue hapo. Bibi aje kwangu mapema, apumzike, aswali Isha sebuleni, halafu twende polepole.

Ami Athman: Salim hapo umesema. Gati la kuelea ndilo jawabu. Ila mje kabla ya magharibi. Mkesha ule daraja la Nyali likishaziba, hata aliye Buxton hapo karibu hafiki.

Rukia: Bibi amesikia nikimsomea. Ametaka kusema. Amenena nikaandika kama alivyosema:

Rukia: "Wanangu hamjambo. Mimi maji siyaogopi. Daraja hili la sasa ni la juzi, 1980, kabla yake tulikuwa tukivuka Nyali kwa daraja la kuelea, gari likipita na ubao watikisika chini ya miguu, na nilikuwa na mimba ya Athman. Fataki nimeziona nyingi za Diwali, majirani zetu Wahindi wakiwasha uani na sisi watoto tukipewa kaimati kwao na ladu. Hizo za usiku wa mwaka sijaziona vyema. Na kuna jambo moja zaidi. Marehemu babu yenu alikuwa zamu ya usiku bandarini Kilindini. Saa sita ikigonga meli zote zilizo gatini zapiga honi pamoja. Alikuwa akija asubuhi ananieleza hii ilikuwa nzito, ile ilikuwa nyembamba, ile ya mwisho haikutaka kunyamaza. Mimi nasikia nikiwa kitandani, nikijua naye anazisikia. Nataka kuzisikia pasi na ukuta katikati. Mkiweza mnipeleke, mkishindwa msigombane."

Zuhura: 😭😭

Swabra: Ya Rabbi Bibi

Halati Mwanaisha: Sikuwahi kumsikia Mama akilisema hilo.

Ami Athman: Basi tutampeleka. Na tutampeleka sawasawa.

Ami Athman: Upepo ni kaskazi wakati huo, wavuma kutoka kaskazini mashariki. Fataki zikiwashwa upande wa Mkomani, moshi wote waelekea Mji wa Kale na Ngomeni, pale Fort Jesus. Kila mwaka vyombo vyajipanga mbele ya Ngome kwa sababu ya kupiga picha, zikishapasuka za mwanzo hawaoni tena kitu, baruti tupu machoni na kukohoa. Sisi tutakaa juu kidogo, upande wa darajani, tutie nanga pembeni nje ya njia ya vyombo, taa ya nanga ikiwaka. Moshi utapita mbali nasi na Bibi ataona anga nzima.

Ami Athman: Na jingine la heri. Saa sita yale maji yameshaanza kujaa, mkondo waingia ndani. Mashine ikizima nanga ikashindwa, maji yatatusukuma kuelekea Tudor kwenye utulivu, si kwenda mlangoni nje ya Ngome. Ingekuwa usiku ambao saa sita maji yatoka, ningewaambia tukae darini.

Salim Mkomani: Ami haya ndiyo hatukufundishwa shule.

Twalha: Mimi nina fataki ndogo za mkononi na roketi chache nilizopata kwa rafiki, nitaleta tuwashe wenyewe mashuani 🔥

Ami Athman: Hapana.

Ami Athman: Twalha mwanangu, mbao, mafuta ya mashine nyuma, mtungi wa akiba, abaya na maleso ya watu, na watoto katikati. Cheche moja tu. Kwenye mashua moto huna pa kuukimbilia. Na fataki kisheria ni vilipuzi, zataka kibali. Warudishie wenyewe.

Twalha: Sawa Ami. Nimeelewa.

Swabra: Twalha badala yake njoo nikueleze zile rangi, tumezisoma maabara. Nyekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, manjano ni sodiamu iliyo kwenye chumvi hii hii ya jikoni. Buluu ni shaba, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu moto ukizidi kidogo rangi yafifia. Ukiona buluu iliyokolea ujue aliyezitengeneza ni fundi.

Rukia: Ntamwambia Bibi aitafute hiyo buluu

Swabra: Na watoto wahesabu kutoka mwanga mpaka mshindo. Sauti yaenda kama mita 340 kwa sekunde, sekunde tatu ni kilomita moja. Watajua tuko mbali kiasi gani, na mshindo hautawashtua kwa sababu wanaungoja.

*Jumanne*

Omar Melini: Salamu kutoka kazini, intaneti ilikuwa imekatika siku mbili nimekuta ujumbe chungu nzima. Nimesoma ya Bibi nikaenda kusimama nje kidogo.

Omar Melini: Sisi mkesha tutakuwa Funchal, kisiwa cha Madeira, Ureno. Kuna wageni wanakata tiketi ya siku chache tu kwa sababu ya usiku ule mmoja. Meli za kitalii zaingia ghuba ile tangu mchana, nyingine gatini, nyingine zatia nanga nje zikitazama mji. Nyumba zimepanda mlimani kutoka pwani hadi juu, zote taa. Ikigonga saa sita fataki zapasuka kutoka pembe zote za mji na kutoka baharini pia, hujui ugeuke wapi, kama dakika nane hivi. Mwaka 2006 waliingia kitabu cha rekodi cha Guinness kwa fataki kubwa kuliko zote duniani. Zikiisha tu, meli zote zapiga honi. Wageni wazima walia. Mimi nimebeba sinia la glasi nimesimama mlangoni, bosi wetu usiku ule hamfukuzi mtu.

Omar Melini: Kwa hiyo Bibi asidhani ni jambo la Kilindini peke yake. Mabaharia wote walijua alichokijua Babu.

Rukia: Nimemsomea. Amesema "Omar ana koti?"

Omar Melini: Mwambie ninalo 🙂 Na saa zetu ziko nyuma, nyinyi mkiwa saa sita sisi ni saa tatu usiku. Nipigieni mkiwa majini nisikie, nitaomba ruhusa.

Zuhura: Lazima.

Zuhura: Sasa jamaa hesabu. Mashua nzima ni 24,000 pamoja na mafuta. Nimeorodhesha waliosema naam hapa na walionipigia, tumefika 19.

Ami Athman: Cheti chake kinasema wangapi?

Zuhura: Abiria 16. Mwenyewe amesema 19 si neno, watoto ni wepesi.

Halati Mwanaisha: Nilijua.

Ami Athman: Mtoto ni mtu. Cheti hakisemi watu wazima 16. Ni 16 au sipandi, na nisipopanda mimi Mama hapandi.

Salim Mkomani: Basi wanangu wabaki

Twalha: Hapana Ami Salim, wale wadogo ndio wa kuona. Mimi na masahibu zangu tutatoka kwenye orodha. Tutakuwa darini kwako, kwaonekana vizuri. Tutambeba Bibi kwenye kiti mpaka gatini, halafu tutamngoja pale pale akirudi.

Zuhura: Twalha mungu akuweke.

Ustadh Khamis: Huyo ndiye kijana.

Zuhura: Basi 16. Bibi halipi, watoto watatu hawalipi, tumebaki 12, kila mmoja 2,000. Nani aleta nini?

Rukia: Mimi chai ya tangawizi chupa mbili na kiti cha Bibi chenye mgongo

Mama Rukia: Mahamri na mbaazi. Viazi vya karai sitaki, mafuta na mikono na giza

Swabra: Kashata na maji. Na pamba za masikio

Ami Athman: Shuka nzito ya Bibi. Kaskazi hata ikitulia usiku, majini kuna umande. Na pesa msimpe mtu yeyote mpaka nikaione hiyo mashua kwa macho yangu.

*Alhamisi*

Ami Athman: Nimetoka kuiona baada ya Alfajiri. Mbao nzima, kalafati ya kuziba mianya mpya, nimeingiza mkono ngamani chini kabisa ya chombo nikatoa mkavu. Nimemwambia awashe mashine, imeshika mara ya kwanza. Nahodha kijana lakini ana adabu, alinijibu kila nililouliza bila kununa. Laifujaketi ziko 20, lakini tatu mikanda imekatika na za watoto hakuna. Nimemwambia zile tatu aziondoe kabisa zisije zikavalishwa mtu gizani, na za watoto azilete nizione Jumamosi. Amekubali. Kila mtu atavaa tangu gatini, kuanzia Bibi. Asiye tayari kuvaa aseme sasa.

Rukia: Bibi amesema atavaa juu ya buibui na picha apigwe hivyo hivyo

Salim Mkomani: Na gati wameruhusu. Saa nne kamili, wamesema tuwe na dakika kumi za kupanda, na kurudi vivyo hivyo.

Ami Athman: Dakika kumi zatosha. Bibi kwanza, katikati ya chombo, halafu watoto, halafu nyinyi.

Zuhura: Halati? Umenyamaza. Nafasi yako naweza kuipata, kuna mmoja kasema anasitasita.

Halati Mwanaisha: Usimtoe mtu kwa ajili yangu. Mimi chombo cha usiku siwezi, mwili wenyewe wakataa, na sitaki kumtia Mama hofu kwa uso wangu. Nitakuja Mkomani tangu mchana, nimlee huyo mdogo wa Salim na niwapikie uji muukute moto. Lakini nataka kitu kimoja. Niandikie majina yote 16 na simu ya nahodha kwenye karatasi, nikae nayo. Mkishuka nitasimama hapo gatini na Twalha niwasome mmoja mmoja.

Ami Athman: Hiyo karatasi hata melini huwepo Mwanaisha. Shukran.

Zuhura: Nakuletea mwenyewe Jumamosi Halati, kwa mkono. Jamaa, sasa tumeni zile 2,000, namba yangu ni ile ile ya siku zote. Ami amesharuhusu.

Salim Mkomani: Nimetuma za watu wawili.

Ustadh Khamis: Nami nimetuma. Nimeongeza na za Mama Rukia.