Ushauri: naenda Mufindi kwa Cessna, nitalala hemani, na mzigo wangu mwisho kilo 10

Mwana_Uyole

Habari zenu wakuu. Kuna jamaa yangu ana leseni ya urubani, mwezi wa nane anaruka kutoka Songwe kwenda kiwanja kimoja cha nyasi huko Mufindi. Wenye ndege ndogo wanakutana pale siku mbili, mchana wanarusha ndege watu waangalie, usiku kila mtu anapiga hema chini ya bawa la ndege yake. Kanipa kiti cha nyuma. Ndege ni Cessna 172 na tutakuwa watatu. Masharti yake: kilo 10, begi laini, na lile sanduku la magurudumu nisithubutu hata kulifikisha uwanjani.

Nimepitia orodha za Wamarekani mtandaoni. Hema la kilo moja na kidogo, begi jembamba la kulalia, jiko la gesi, kiti cha kukunja, mpaka mashine ya kahawa. Mfukoni nina laki mbili na nusu. Blanketi la nyumbani nimelipima, lenyewe tu kilo nne. Niache nini, nibebe nini? Mwanjelwa niko tayari kuzunguka hata wiki nzima. Natanguliza shukrani.

Kisoda

Panda basi la Dar alfajiri, shuka Mafinga. Utabeba hata kitanda.

Mwana_Uyole

Mkuu, basi nimepanda tangu niko mgongoni kwa mama. Niache na mimi nipande hiki kidude.

Fundi_Pangaboi

Jamaa yako hakubanii, anapiga hesabu. Kwenye 172 nyingi sehemu ya mizigo mwisho wake ni paundi 120, yaani kama kilo 54. Humo humo kuna kamba na vigingi vya kufungia ndege, oili ya akiba, na mizigo yenu wote watatu. Halafu njoo kwenye mafuta. Lita moja ya avgas, yaani petroli ya ndege ndogo, ina uzito wa gramu 720 hivi, kwa hiyo kilo 10 ni karibu lita 14. Ndege hiyo inakula lita 30 na ushee kwa saa. Ukiongeza kilo 10 za mbwembwe, na ndege ilishafika mwisho wa uzito wake, rubani analazimika kupunguza mafuta ya dakika 25 angani. Akiba ya kuruka mchana kwa kawaida ni nusu saa. Umeona kiti chako cha kukunja kinachezea wapi?

Na kiwanja chenyewe kiko juu. Ukanda wa chai wa Mufindi unafika futi 6,000. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, maana yake pale karibu moja ya tano ya nguvu haipo kabla hamjaanza kukimbia kwenye nyasi. Kushuka mtashuka tu. Kazi iko kwenye kuondoka, hasa jua likishapanda na hewa ikazidi kuwa nyepesi.

Mzungukaji

Naongezea kwa Fundi. Hizo orodha ulizosoma nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Oshkosh, Wisconsin, kule Marekani. Kila mwisho wa Julai ndege kama 10,000 zinakusanyika eneo lile na watu wanalala chini ya mabawa. Lakini Julai kwao ni kiangazi, na uwanja ule uko futi 808 tu kutoka usawa wa bahari. Wanachoogopa ni joto, mbu na dhoruba za radi. Ndiyo maana hema lao nusu ni wavu na begi lao la kulalia ni jembamba.

Wewe unakwenda Nyanda za Juu Kusini mwezi wa nane! Usinunue orodha yao. Uzito wanaoutumia kwenye kiti na kahawa, wewe uhamishie chini ya mgongo wako. Baridi ya hemani inatoka ardhini zaidi kuliko juu, kwa sababu begi la kulalia ukilikandamiza kwa mwili halina tena hewa ya kukukinga. Sponji ngumu kama ile ya mazoezi, gramu mia nne au tano, itakusaidia kuliko blanketi la pili. Chini yake tandika ile karatasi ya kung'aa ya kukinga jua kwenye kioo cha gari, maduka ya vipuri yanauza kwa bei ya kutupa. Godoro la upepo lisilo na kitu ndani ni baridi tupu, hata kama ni laini.

Mama_Chai

Mwanangu, mimi naishi huku. Mwezi wa saba na wa nane kuna asubuhi baridi inababua majani ya chai mabondeni. Ukungu unakaa mpaka saa nne, siku nyingine manyunyu yanashinda. Utakachovaa usiku kikae kwenye mfuko wa nailoni, usikiguse mpaka unaingia kulala. Soksi nzito, kofia ya kufuma, sweta. Na ubebe chakula cha siku moja zaidi, maana ukungu ukigoma kuondoka rubani naye haondoki, mtabaki mnatazamana. Karanga na mihogo mikavu vinatosha, ugali na maharage hukosi mama wa kukupikia.

Binti_Mwanjelwa

Kaka, begi la kulalia usinunue dukani. Kwenye mitumba yapo, yanachanganywa na makoti ya baridi, nenda siku balo linafunguliwa. Ukiona la manyoya ya bata, lifinye kwa ngumi halafu liachie. Likiinuka lenyewe haraka, ni zima. Likibaki na bonde, au ukipapasa unasikia vibonge, limefuliwa vibaya huko lilikotoka. Ingiza simu ndani uwashe tochi, zima taa ya kibanda kama ipo. Utaona vyumba ambavyo manyoya yamehama yote yakakusanyika chini, juu kimebaki kitambaa. Hilo liache. Zipu ifungue mpaka mwisho na kurudi, usiamini "inafunga hiyo bro". Na bei ya kwanza usiikubali, mimi mwenyewe sitegemei uikubali.

Mzungukaji

Ila manyoya yakilowa hayana kazi. Kwa ukungu alioutaja mama, mimi ningechukua la nyuzinyuzi za plastiki hata kama linazidi nusu kilo. Na hema liwe la ngozi mbili. Lile la kitambaa kimoja asubuhi linakudondoshea matone ya pumzi yako mwenyewe.

Kisoda

Kajiko ka gesi mbona hamkazungumzii? Chai ya asubuhi atakunywa nini?

Fundi_Pangaboi

Mtungi wa gesi kwenye ndege ya abiria haupandi kabisa. Kwenye ndege ya jamaa yake aamue rubani, na mimi ningekuwa rubani ningekataa. Mnalala chini ya bawa, bawa lina tanki la petroli, wewe unawasha kiberiti? Chukua chupa ya chai ya chuma, ijazwe jikoni kwa wapishi.

Mwana_Uyole

Wakuu nimewaelewa. Jiko, kiti na blanketi vinabaki Uyole. Hema la ngozi mbili naazima kwa mtu, lina kilo mbili na robo. Swali moja: hema napiga upande gani wa ndege?

Fundi_Pangaboi

Chini ya bawa, vigingi vyote ndani ya kivuli chake. Usikae nyuma ya mkia wa jirani, akiwasha injini asubuhi upepo wa pangaboi la ndege unabeba hema na wewe ndani. Mfuko wa nailoni, kamba, kigingi, usiache kitu chochote kwenye nyasi, pangaboi linavivuta.

Halafu mpe rubani uzito wako wa kweli. Umevaa koti na viatu, simu mfukoni. Sio ule wa kwenye kadi ya kliniki.

Mwana_Uyole

Nimepima leo hapo dukani kwenye mzani wa gunia. 84. Nimemtumia, kanijibu "punguza karanga".

Mama_Chai

Karanga asipunguze.