Naomba ushauri: ukumbi wa makumbusho kuwa makazi ya muda baada ya maafa

Habari zenu wakuu. Nasimamia makumbusho ya umma. Tumeombwa ukumbi wetu upokee watu maafa yakitokea, nami nimekubali kwa moyo mmoja. Uhai wa mtu haulingani na kinyago chochote. Kinachoninyima usingizi ni vyoo. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu na choo 1 kwa watu 20. Ukumbi una mita za mraba 420, yaani watu 120, lakini vyoo ni 4 tu! Halafu wakipika ndani, moshi na mvuke vitaharibu nyaraka za kale. Mliowahi kupokea waathirika kwenye jengo kama hili, vyoo vya ziada mliviweka wapi? Na nyaraka mlizihamisha mapema, au mlifunga vyumba tu?