Tupeane uzoefu: mkojo wa kupimwa unachukuliwaje, na karatasi ya majibu inasomwaje?

Mwanzisha mada: Ukikabidhiwa kikopo, uliza kwanza wanatafuta nini. Mkojo wa kichocho na wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) hauchukuliwi wakati mmoja. Wenye ujuzi karibuni.

Wa maabara, Chake Chake: Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mtoto akimbiekimbie kidogo kisha akojoe, na matone ya mwisho yaingie kikoponi, maana ndiyo yenye mayai na damu. Skuli zinazokusanya mkojo alfajiri zinapoteza majibu bure. Tunachuja mililita 10 tukahesabu kwa hadubini. Yai lina mwiba nchani. Yakifika 50, hayo ni maambukizi makali. Kikopo kikae kivulini.

Mkunga, Wete: Kwa UTI, bora mkojo wa kwanza wa asubuhi, tena wa katikati. Mwanamke ajioshe kutoka mbele kwenda nyuma, atenganishe mashavu ya uke, aache wa mwanzo upite, akinge bila kuukata. Nusu kikopo yatosha. Ndani ya kifuniko usiguse. Ufike maabara ndani ya saa mbili, la sivyo uwekwe kwenye friji. Mwenye hedhi aseme. Na jamani, chupa za asali mziache! Mabaki yake huonyesha sukari isiyokuwepo, na chupa iliyooshwa kwa jiki huonyesha damu ya uongo.

Wa maabara tena: Namuunga mkono bibie. Seli za ngozi zikiwa nyingi, mkojo umechafuka njiani. Chukua mwingine kabla ya kumeza antibaotiki. Naitraiti (kemikali inayoashiria bakteria mkojoni) ikiwa hasi, haiondoi UTI: bakteria wanahitaji kama saa nne kibofuni kuitengeneza, na wengine hawaitengenezi kabisa. Chembe za usaha peke yake hazitoshi, hata kichocho huzileta. Dalili zikiendelea, omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara watambuliwe.

Mchangiaji, Mkoani: Mfungaji wa Ramadhani akionekana na ketoni (mabaki ya mafuta yanayochomwa mwilini) alasiri, asishtuke, ni njaa. Ila mwenye kisukari asipuuze.

Mkunga, Wete: Mjamzito aliyepita wiki 20, protini ikitokea pamoja na presha ya juu, aende hospitali siku hiyohiyo.

Wa maabara, Chake Chake: Damu ipo, mayai hayakuonekana? Rudia mchana wa siku nyingine, kwani idadi yake hubadilika kila siku. Mtu mzima ambaye damu haikomi apimwe kibofu na figo.