Mkono wa roboti wa kushika nyanya: FSR, loadseli au kamera ya jeli?

Mtundika_Waya (Sinza): Wakuu, habari za mchana. Projekti yetu ya chuo ni mkono wa kupanga nyanya kwenye kreti. Sasa hivi unabana vilevile kila kitu: nyanya ngumu inachomoka, iliyoiva inapasuka. Tunataka kuupa hisia ya kugusa. Bajeti ni ya boom, msinicheke.

Fundi_Gerezani: FSR mkuu, ile sensa nyembamba inayohisi kubonyezwa, usijitese. Sensa moja, rezista ya kilo-omu 10, bodi ya Arduino Uno ya kuisoma, basi. Ukiibonyeza ukinzani unashuka, unasoma namba kati ya 0 na 1023.

Dada_Sakiti: Fundi, mwambie na ubaya wake. Weka uzito uleule mara mbili, FSR itakupa namba mbili. Uache uzito juu, namba inatambaa yenyewe. Kujua umegusa au hujagusa, sawa. Kupima gramu, sahau. Loadseli, ile sensa ya ndani ya mizani ya kidijitali, inapima vizuri, ila bodi yake ya kusomea, HX711, inasoma mara 10 kwa sekunde, au 80 ukibadilisha pini ya RATE. Kwa mara 10, nyanya ikiponyoka utapata taarifa ikiwa hewani.

Jeli_na_Taa: Nami nitetee kamera. GelSight, sensa ya chuo cha MIT cha Marekani, ni jeli laini yenye rangi inayoakisi mwanga, taa pembeni, kamera nyuma. Kitu kikigusa, jeli inabonyea na kamera inaona umbo lake, hadi alama za vidole. Meta nao (wakati huo Facebook) waliweka wazi michoro ya DIGIT, sensa yao ya namna hiyohiyo, mwaka 2020, kwa hiyo unaweza kujitengenezea. Ila sikufichi, jeli inachakaa, na picha zinataka kompyuta ya maana.

Fundi_Gerezani: Kwa nyanya? Hiyo anasa dada.

Mzee_wa_Servo: Vijana, mnabishania kubana wakati tatizo ni kuteleza. Watafiti Johansson na Westling walishalipima hili kwa watu mwaka 1984: mtu hubana kidogo tu kuliko kiasi cha kuzuia kitu kisiteleze, na kikianza kuteleza vidole huongeza nguvu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mwenyewe hana habari. Kwa hiyo tafuta mtetemo. Chukua kile kisahani cha piezo cha ndani ya buza, kibandike nyuma ya mpira wa kidole. Nyanya ikiteleza, mpira unatetema, piezo inatoa volti, mota inaongeza kubana kidogo. FSR iache hapohapo ikuambie umeshagusa.

Dada_Sakiti: Shikamoo mzee. Piezo si itasikia na mota yenyewe?

Mzee_wa_Servo: Marahaba. Itasikia sana. Rekodi mkono ukijibana mtupu, uone kelele ya mota iko masafa gani, ndiyo uichuje.

Mtundika_Waya: Buza mbovu ninazo. Mpira wa tyubu ya baiskeli utafaa, mzee?

Mzee_wa_Servo: Utafaa. Upige msasa kwanza; ukiwa laini, nyanya inapita kimyakimya.