Barua pepe za SACCO zinagoma zikizidi anwani 100

KatibuTororo
Habari zenu ndugu. Mimi ni katibu wa SACCO ya walimu hapa Tororo. Tuna wanachama 340, na kanuni zetu zinataka kila mmoja apate taarifa ya mkutano mkuu pamoja na hesabu za mwaka, siku 21 kabla. Wengine wako Mulanda, Nagongera, Molo huko. Kwenye WhatsApp hesabu zinazama chini ya salamu na matanga, ndiyo maana tunatumia barua pepe.

Natuma kwa Thunderbird, ile programu ya barua pepe, anwani zote BCC ili wasionane, kupitia seva ya kampuni inayotuletea intaneti ofisini. Inanirudishia namba 452: wapokeaji wamezidi. Nikigawa mafungu ya hamsini hamsini, mawili yanapita, mengine yanagoma. Nikapiga simu, nikaambiwa niongeze bando. Bando lipo! Tumelilipia, na ile kodi ya asilimia 12 juu yake. Mwalimu wa Mulanda ana haki ya kuona pesa zake zimekwenda wapi. Nifanyeje?

FundiMbale
Pole Mwalimu. Bando halihusiki hata kidogo. Kampuni inahesabu anwani, haihesabu megabaiti.

Kanuni ya kimataifa ya barua pepe, RFC 5321 ya mwaka 2008, inaitaka seva ikubali angalau wapokeaji 100 kwa barua moja. Kuzidi hapo ni hiari yake. Namba zinazoanza na 4 maana yake subiri, ujaribu baadaye. Zikianza na 5, umekataliwa.

Sababu yao ninaielewa. Barua za wateja wote zinatoka kwa seva hiyo moja. Kompyuta ya mmoja ikiingia virusi ikaanza kumwaga spamu usiku kucha, seva inaingizwa kwenye orodha nyeusi kama ile ya Spamhaus, na kesho yake barua zako wewe usiye na kosa zinatupwa. Ndiyo maana wengi wanafunga na poti 25, njia ambayo seva hupelekeana barua. Lakini kumficha mteja kikomo chenyewe, halafu kumuuzia bando, hilo silikubali.

Fungua kundi kwenye Google Groups. Wewe unatuma barua moja kwa anwani moja, kusambaza ni kazi ya seva zao. Weka wasimamizi tu ndio waandike, na orodha ya wanachama isionekane. Usihamie Gmail ya kawaida ukaendelea na BCC: kikomo chake ni 500 kwa siku, na ukipitia Thunderbird ni 100 kwa barua.

DadaArua
Hapo kwenye kuficha orodha msipuuze. Sheria ya Uganda ya kulinda data binafsi ipo tangu 2019, na anwani ya mtu ni mali yake. Na hiyo kampuni, Mwalimu, iandikie ikupe kikomo chake kwa maandishi. Wakikaa kimya, UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, hupokea malalamiko ya wateja.

KatibuTororo
Asanteni sana. Kundi nimeshafungua, mialiko ya Mulanda imetangulia. Barua kwa kampuni naiandika leo, mwenyekiti ataisaini. Wanachama wenye Yahoo wataweza kuingia?

FundiMbale
Wataingia, ila kila mmoja lazima aukubali mwaliko. Waambie waangalie na kwenye spamu, hasa wazee.