Nimepata jengo la klabu ya zamani Mwanza, nataka lirudi lilivyokuwa. Naombeni ushauri

Baraza_la_Ziwa
Wakuu, habari za jioni. Nimepata jengo lililokuwa klabu ya starehe enzi hizo, upande wa Capri Point (si Yacht Club, msianze kubahatisha). Kuna ukumbi wa dansi, kaunta ndefu, chumba cha biliadi na baraza linalotazama ziwa. Miaka mingi limekuwa stoo tu. Nataka baa ya kumbukumbu: kaunta ileile, santuri, picha na majina ya wanachama ukutani. Kaunta ni mbao ngumu, pembeni imeguswa na mchwa. Sakafu ni saruji nyekundu. Nianzie wapi, na nipate wapi historia ya kweli ili nisiandike uongo ukutani? Nina haraka kidogo.

Patasi_Igogo
Anza na mchwa, varnishi baadaye. Chomeka bisibisi kila baada ya kiganja kimoja. Ikizama zaidi ya sentimita moja, kipande hicho kikatwe na kiungwe mbao ya aina ileile. Tafuta njia zao za udongo chini ya kaunta, maana wanapanda kutoka ardhini. Ukipaka varnishi bila kutia dawa kwenye msingi, utakuwa umewafungia ndani wale kwa utulivu.

Varnishi ya zamani ikwanguliwe kwanza, ndipo uje msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, siku zote kufuata uzi wa mbao. Paka tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke siku nzima. Tabaka moja nene kwa unyevu wa ziwani hubaki linanata na glasi zitaacha alama. Usipandishe kaunta: sentimita 105 hadi 110 zinatosha, bomba la kuwekea mguu liwe 18 hadi 20 kutoka sakafuni. Nyuma acha 90, wahudumu wawili wapishane bila kumwagiana.

Sindano_ya_Chuma
Mimi nimeona neno santuri tu. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika nyingi ni za laki (shellac, si plastiki ya vinili), zikianguka zinapasuka. Usizifute kwa spiriti, inayeyusha laki. Tumia maji safi yenye tone la sabuni, kitambaa laini, na lebo isilowe. Usizicheze kwa sindano ya LP, zile santuri za vinili za baadaye, maana mfereji wa hizi za 78 ni mpana zaidi. Kwenye gramafoni ya kupinda, sindano ya chuma hubadilishwa kila upande wa santuri, la sivyo inachimba. Na zisimame wima, kuzilaza kwa rundo kunazipinda.

Mama_Isamilo
Mwanangu, jengo zuri namna hiyo ungefungua chekechea. Baa Mwanza zimejaa kuanzia Kirumba hadi Nyegezi.

Sangara_Mkavu
Mama, chekechea yenye kaunta ya sentimita 110 watoto wataagizaje?

Jalada_Kuukuu
Kuhusu historia. Usiwaulize wazee mwaka, hawatakumbuka na watakuridhisha kwa kubuni. Uliza kwa vigingi: ni kabla ya Uhuru? Kabla ya Azimio la 1967? Wakati wa vita vya Kagera? Bia ilipoadimika miaka ya 1980? Kabla ya MV Bukoba kuzama 1996? Kisha uliza nani alikaa meza ipi, dansi lilikuwa siku gani, mlango upi ulitumika na nani. Klabu za enzi za mkoloni ziligawanywa kwa rangi, kwa hiyo orodha ya wanachama ni nusu tu ya habari. Watafute waliokuwa wapishi, wahudumu na wapiga muziki, au watoto wao. Hao waliona pande zote mbili za kaunta.

Picha usizibandue kwenye albamu yenye gundi, zipige picha zikiwa humohumo. Zilizo huru ziskani kwa dpi 600, na geuza nyuma kwanza, mara nyingi kuna muhuri wa studio. Majina yaandike kwa penseli laini, kalamu ya wino hukandamiza hadi mbele. Halafu nenda tawi la Nyaraka za Taifa hapo Mwanza ukaulizie majalada ya Jimbo la Ziwa.

Sasa swali langu. Umesema "nimepata". Umepata kwa nani?

Baraza_la_Ziwa
Wabeja sana wote, hasa fundi. Nimepata kwa uongozi wa klabu. Hilo liko sawa, tuendelee na mbao.

Jalada_Kuukuu
Uongozi upi? Wadhamini waliosajiliwa, au mtu mwenye funguo?

Baraza_la_Ziwa
Aliyekuwa mwenyekiti. Mzee anayeheshimika sana.

Jalada_Kuukuu
"Aliyekuwa." Umeshalipa?

Baraza_la_Ziwa
Basi niseme yote. Mkataba ni wa miaka 10, kilemba (malipo ya kuingia) nimetoa nusu. Na vigae vimeshafika, fundi amepanga karibu nusu ya ukumbi. Lakini wajumbe wawili walikuwepo tukisaini, na mwenyekiti ndiye amelinda jengo miaka yote hii. Vigae navyo vinasafishika kirahisi, ile sakafu nyekundu ilikuwa imefubaa. Sioni kosa.

Jalada_Kuukuu
Mali ya klabu za namna hii kwa kawaida huwa kwenye jina la wadhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Ikiwa hivyo, anayepangisha ni bodi ya wadhamini kwa lakiri yake, mwenyekiti peke yake hatoshi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina lililo kwenye hati. Nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ukaulizie wadhamini hao ni akina nani sasa, maana wengine watakuwa wamefariki bila kujazwa nafasi zao. Dai muhtasari wa kikao kilichoamua kupangisha. Mkataba nao ulipiwe ushuru wa stempu, bila hivyo mahakama haiupokei kama ushahidi. Nusu ya kilemba iliyobaki isitoke hadi hayo yakamilike.

Patasi_Igogo
Mimi nalilia sakafu. Ile nyekundu imepigwa poliishi miongo mingi, nta imeingia kwenye saruji. Gundi ya vigae haishiki kwenye nta. Gonga vigae vyako kwa mpini wa nyundo: vikilia kama debe tupu, chini hakuna kitu. Viguu vya wacheza dansi vikianza vitabanduka kimoja kimoja. Na kigae kinachong'aa, bia ikimwagika, ni hospitali.

Ving'oe sasa gundi ikiwa changa, patasi ilale karibu sambamba na sakafu. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi, suuza mara mbili, acha ikauke kabisa. Nyufa zijazwe saruji yenye rangi nyekundu. Kisha poliishi nyembamba, isuguliwe kwa blanketi kuukuu. Nyembamba, nasisitiza, nta nyingi inateleza.

Paa ni nini?

Baraza_la_Ziwa
Bati za kijivu za simenti, zenye mawimbi. Nilitaka zioshwe kwa mashine ya maji.

Patasi_Igogo
Simamisha! Za umri huo yawezekana kabisa ni za asbesto. Zisioshwe kwa presha, zisitobolewe, zisipigwe msasa. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Pata mtaalamu azipime kwanza.

Baraza_la_Ziwa
Sawa. Lakini baraza lazima nilirefushe kuelekea majini. Nguzo zake ni vyuma vya reli, imara sana. Mzee anasema jengo lote ni la 1922.

Mita_Sitini
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kabla ya kurefusha chochote nenda NEMC, wasimamizi wa mazingira. Na ziwa lenyewe halikai pale ulipoliona jana, lilijaa sana miaka ya 1960 na tena 2020.

Kibisi_Kirumba
Wakuu mnachoshwa bure, hii ni chai. Reli ilifika Mwanza 1928. Jengo la 1922 lina nguzo za reli zilizotoka wapi? Picha hakuna, jina la klabu hakuna, kila akibanwa anaongeza chumba.

Baraza_la_Ziwa
Sina sababu ya kudanganya. Picha siweki kwa sababu mnajua kwa nini.

Jalada_Kuukuu
Kibisi, hoja nzuri lakini haifungi mlango. Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901 na meli zilileta mizigo hadi Mwanza, kwa hiyo chuma kingeweza kuja kwa maji. Au baraza liliongezwa baadaye. Mkuu, sugua ubavu wa reli kwa brashi ya waya, paka chaki. Kiwanda huacha herufi na mwaka vimetokeza. Huo ni mwaka wa kutengenezwa reli: baraza haliwezi kuwa la kabla yake, ila laweza kuwa la baadaye sana.

Baraza_la_Ziwa
Nimesugua. Inasomeka 192, tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu.

Kibisi_Kirumba
Kutu ya Mwanza inajua pa kula.

Patasi_Igogo
Alama hiyo hurudiwa kwenye urefu wa reli. Sugua juu zaidi, na nguzo nyingine.

Baraza_la_Ziwa
Zimebaki tano, nitazisugua. Fundi wa vigae anauliza, kesho aje au asije?

Patasi_Igogo
Asije. Na mifuko ya gundi ambayo haijafunguliwa airudishe dukani kabla haijashika unyevu.