Eti "wengine mmezaliwa kupiga magoti"! Huyu mpambe wa wafalme leo kanifikisha mwisho

Wakuu, naandika mikono inatetemeka.

Mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja, kila mmoja wenu alishagombana naye. Yule ambaye ukiandika tu neno "jamhuri" anatokea kabla hujaweka nukta. Hajawahi kuliona hata geti la ikulu ya mfalme yeyote, lakini anavyowatetea utadhani analala chini ya kitanda chao.

Leo mjadala ulikuwa wa kistaarabu kabisa: nchi yenye mfalme ibaki naye au imwondoe? Nikaweka hoja kwa adabu. Nikasema Barbados ilimwondoa malkia wa Uingereza tarehe 30 Novemba 2021, ikamwapisha Sandra Mason kuwa rais, na bahari haikukauka. Nikasema Nepal waliufuta ufalme mwaka 2008, Gyanendra akabaki nchini kama raia wengine, ikulu yake ikageuzwa makumbusho. Nimeandika taratibu, nimekagua tarehe, sijamtukana mtu.

Anachonijibu sasa! Hakugusa hoja hata moja. Kaandika: "Wengine wamezaliwa kutawala, wengine mmezaliwa kupiga magoti. Tulia." Halafu akaweka kile kikatuni cha taji.

MMEZALIWA KUPIGA MAGOTI. Mimi!

Nimeisoma mpaka skrini imeota sugu. Nimeenda kunywa maji, nimerudi, bado ipo pale pale na taji lake. Na kuna watu wameigongea laiki, nimewaona, majina ninayo.

Na ndiko wanakoishia wote hawa ukiwabana. Wanaanza na utalii, wanahamia kwenye umoja wa taifa, wanagusa mila kidogo, ukikaza wanatoa ya moyoni: damu yake si kama yako. Mimi damu yangu ina nini?

Eti mfalme wa kisasa hana madaraka. Kama hana, Ubelgiji mwaka 1990 walihangaika nini? Bunge limepitisha sheria ya utoaji mimba, mfalme Baudouin kagoma kusaini. Ikabidi serikali itangaze kwamba hawezi kutawala, mawaziri wakaisaini wenyewe, kesho yake bunge likamrudisha kitini. Nchi nzima inazungushwa na mtu aliyerithi kalamu! Na Eswatini je? Sobhuza II alipiga marufuku vyama vya siasa mwaka 1973, leo anatawala mwanawe, na mpaka sasa vyama havisimamishi wagombea. Wale nao wamezaliwa kupiga magoti? Nijibuni!

Sitaki ushauri. Nataka aje aombe radhi hapa hapa. Kupiga magoti! Mtu mzima mimi!

---

Daftari Tupu: Mkuu, yote haya kwa sentensi moja? Povu hili linatosha kufulia mazulia ya ikulu zote za Ulaya. Nimekaa paleee.

Bi Mkasi: Pole mleta uzi. Huyo huyo aliniambia Norway wana mfalme wa "damu ya kale". Nikamwambia walipojitenga na Sweden mwaka 1905 walimfuata mwanamfalme wa Denmark, naye akataka wananchi wapige kura kwanza. Hata jina la Haakon alilichukua alipopata kazi. Unajua alinijibu nini? "Dada, historia si umbea." Mpaka leo nikiona jina lake natamani kurusha simu.

Nahodha wa Jioni: Lugha yake mbaya, hilo nakubali. Ila hoja anayo. Jamhuri gani mnazisifia? Togo baba kafariki 2005, kiti kachukua mwana. Gabon familia moja kuanzia 1967 mpaka jeshi lilipoitoa 2023. Korea Kaskazini wako kizazi cha tatu na jina la nchi lina neno jamhuri. Afadhali Hispania: 1981 wanajeshi walivamia bunge, mfalme Juan Carlos akatokea kwenye televisheni usiku ule amevaa sare za jeshi, akawakana. Mapinduzi yakaishia hapo.

Mleta uzi: Nani kaongelea Togo? NIMETUKANWA! Na huyo Juan Carlos wako mbona humalizii? Kaachia kiti 2014, mwaka 2020 kaondoka nchini huku kashfa za fedha zikimwandama. Rudini kwenye mada: kaniambia nimezaliwa kupiga magoti.

Zuzu Mstaafu: Si upige tu yaishe.

Kisiki cha Mpingo: Mnahangaika na Ulaya wakati Uganda ipo. Obote kafuta falme 1967, Museveni kazirudisha 1993. Miaka yote hiyo sheria inasema hakuna Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na watu wake wanamsubiri tu. Madaraka ya serikali hakurudishiwa, lakini nenda kamwite "raia wa kawaida" mbele yao uone. Mnaotaka kufuta, mtafuta na hilo?

Mwanakwetu: Kisiki, ilianza 1966. Jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka Mutesa, akakimbilia Uingereza na akafia huko. Kila siku unaleta tarehe nusu nusu.

Kisiki cha Mpingo: Nimeandika KUFUTA. Kufuta ni katiba ya 1967. Uwe unasoma kwanza, ndipo ubishe.

Mwanakwetu: Bila 1966 hiyo 1967 ingetoka wapi?

Mleta uzi: Wakuu, jamaa yupo mtandaoni sasa hivi, namwona, na bado hajaomba radhi. Mnabishana Uganda!

Bi Mkasi: Kisiki yuko sahihi, watu hawasomi siku hizi. Mimi juzi niliandika aya tatu, mtu akaja kuniuliza swali ambalo jibu lake liko aya ya kwanza.

Daftari Tupu: Afadhali huyo aliuliza. Wanaonikera mimi ni wale wanaonukuu bandiko refu lote, unashuka mpaka kidole kinakufa ganzi, unafika chini kaandika "sawa".

Zuzu Mstaafu: *[amenukuu bandiko lote la mleta uzi]* Sawa.

Daftari Tupu: Mods, huyu ale ban.

Nahodha wa Jioni: Wanaoandika kwa herufi kubwa je? Hao ndio wangeanza kula ban.

Mwanakwetu: Herufi kubwa unazivumilia. Wa kufungiwa maisha ni anayefufua uzi wa miaka kumi iliyopita kuja kuandika "nimechelewa".

Bi Mkasi: Nahodha, wewe mwenyewe wiki iliyopita ulifufua ule wa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia.

Nahodha wa Jioni: Ule ulikuwa na makosa. Kapinduliwa 1974, wao wameandika 1975. Ningeuachaje?